Masereka, Mashine Imelipa

Masereka,

Mashine imelipa. Nimeanza na hilo kabla ya salamu kwa sababu nakujua, salamu ndefu zilikuwa zinakusinzisha hata ulipokuwa mzima.

Salamu zenyewe ni hizi. Mimi sijambo, meno yamebaki manne, na mkono bado hautetemeki nikishika wembe. Wewe sikuulizi hali. Mwalimu alitufundisha kuandika "natumaini barua hii itakukuta salama," lakini mimi niliacha shule darasa la nne, kabla hajafika kwenye barua za watu wa hali yako. Biira mke wako yuko hapa barazani kwangu, anachambua maharage. Anasema nikusalimie, na nikuambie ukweli kuhusu yule jogoo wako. Tulimla.

Sasa sikiliza. Nitaanza mwanzoni, ingawa mwanzo unaujua, maana wewe ulikuwa unausimulia kwa kujipendelea.

Asubuhi ulikwenda Mpondwe na baiskeli. Jioni ukarudi kwa miguu, sanduku kichwani, baiskeli hakuna. Nilikuwa namnyoa mtu, nikamwacha nusu kichwa nije kutazama. Ukasema umebadilishana na Kambale, yule mchuuzi wa Butembo, na kwamba Kambale amekuapia: "Ni kitu ya Mujapani, patron. Alikuwaka anacheza nayo kila siku." Mjapani mwenyewe alikuwa fundi wa migodi huko kusini ya Kongo. Akarudi kwao, sanduku likabaki, likapanda lori hili na lile mpaka likafika mpakani kungoja mjinga. Mjinga akafika.

Tuliliweka juu ya meza yako. Mwili wa mbao, uso wa kioo, na nyuma ya kioo ubao wa rangi uliojaa misumari ya shaba, imesimama kama nywele za mtu aliyeshtuka. Katikati kulikuwa na maua madogo ya plastiki, chini shimo, pembeni mkono wa springi, na maandishi kama kuku amekimbizwa juu ya majivu. Ulipapasa ile misumari ukasema mtu wa Kilembe hawezi kuiacha shaba ipite mbele yake. Miaka yote ile kwenye karakana ya mgodi ulikuwa unatengeneza mashine za wengine. Hii, ulisema, ni ya kwako.

Mimi nilisema ni saa. Wewe ulisema ni mchezo wa mezani, kama bao la omweso, unalazwa na watu wanakaa pande mbili. Ukailaza. Kambale hakukupa gololi hata moja, kwa hiyo ukatia maharage. Ni wiki ngapi zile, Masereka? Unapiga mkono wa springi, haragwe linaruka kidogo, linalala. Unalisukuma kwa kijiti, linalala tena. Na wewe umetoa ulimi nje kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano.

Hapo ndipo nilipokutendea lile jambo. Afande Sajini wa kambini alikuja kunyolewa, na mimi nikimnyoa mtu mdomo nao unafanya kazi. Nikamwambia kuna mzee hapa jirani ana mashine yake, anaiamuru kama kuruta, lala chini. Afande alicheka mpaka nikamkata sikio. Kesho yake askari walipopita mbele ya nyumba yako walipaza sauti, "Lala chini!" Jina likakushika. Sokoni, Lala Chini. Kanisani, Lala Chini. Shuleni wajukuu wako wakawa wajukuu wa Lala Chini, mmoja akagoma kwenda tena. Mimi nilidhani unaamini jina limetoka kambini, nikanyamaza. Lilitoka kwenye kiti hiki ninachokalia sasa.

Tena ni mimi niliyeisimamisha, lakini si kwa akili, kwa utani. Ulipokwenda hospitali Kilembe kwa ajili ya kifua, niliingia kwako nikaitundika ukutani kama saa, ukirudi nikucheke. Ukarudi. Ulitoa mfukoni gololi ndogo, ukaitia, ukapiga mkono. Ikapanda ukingoni, ikazunguka juu, ikaanguka katikati ya misumari, tik, tik, tik, inagonga huku, inaruka kule, mpaka chini. Tukatazamana kama watu waliofumaniwa. Kumbe mashine ilikuwa inataka kusimama tu.

Sikukuuliza gololi umezitoa wapi. Nilijibiwa na baiskeli yangu siku ya pili, kwenye mteremko, gurudumu la nyuma lilipoamua kwenda njia yake, na mimi nikaingia kwenye meza ya mama mmoja anayeuza samaki wa Kasenyi. Nilinuka siku tatu. Hujaomba msamaha mpaka leo, na sidhani utaomba sasa.

Basi ilicheza, lakini haikulipa. Gololi iliingia ndani ya ua, ikapotea nyuma, kimya. Ulifungua mgongo wake ukanionyesha. Kuna kijia, na kwenye kijia kuna mizani ndogo. Gololi iliyoingia kwenye ua inatakiwa itue upande mmoja wa mizani, upande ule ushuke, uvute mlango wa ghala lililo juu, na gololi nyingine kumi na tano zimwagike kwenye sahani ya mchezaji, kengele ikilia. Hakuna umeme, hakuna mafuta, ni uzito wa gololi moja tu unaofanya kazi yote. Lakini zile za baiskeli zilitua pale kama inzi, mizani haikusikia kitu. Watu wakasema umeuziwa mashine mbovu. Wewe ukasema, "Mashine haina makosa. Chakula yake ndiyo kidogo."

Nilicheka. Nilicheka sana, Masereka, na wewe kifua kilikuwa kinakunyima hata pumzi ya kunijibu.

Halafu ukaipata ile moja. Ilikuwa imekwama kwenye kona ya mgongo, gololi ya Mjapani mwenyewe, nene kama haragwe lililolowekwa. Ukaiweka kwenye mizani kwa vidole. Tak. Mlango ukafunguka. Ghala lilikuwa tupu, hakuna cha kumwagika, lakini ulinitazama kwa lile jicho lako. "Tafuta ndugu zake," ukasema. Kwa majina yetu ya Kikonzo Masereka ni mtoto wa tatu na Kule ni wa nne, na ingawa mama zetu ni tofauti, hilo ulilitumia kuniagiza maisha yote. Nikasema nitatafuta. Sikutafuta. Ukafa kabla ya mavuno ya kahawa, ile gololi iko kwenye mfuko wa shati lako.

La mazishi huenda hulijui. Walipokuwa wanakuteremsha, kamba moja ilikwama, watu wote kimya, na mimi, kwa mdomo huu huu, nikanong'ona, "Lala chini." Wawili watatu wakacheka kwa pua. Biira akasikia. Sijui kwa nini nilisema. Nilikuwa nalia, nikashika kitu kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu ni utani.

Biira hakunisalimia tena. Kahawa ikavunwa, ikauzwa, hakunisalimia. Mpaka siku moja akaja barazani, akangoja mteja aondoke, akanifungua kiganja kwa nguvu, akaniwekea ile gololi.

"Wewe ndiyo ulimupa ile jina," akasema. "Sasa umutoe nayo."

Kumbe alijua. Na kama yeye alijua, wewe ulijua. Ulijua, na kila Jumamosi ulikuja kukaa kwenye kiti changu, ukanipa shingo yako ninyoe.

Nikaanza kazi. Nilibeba kiti nikahamia Mpondwe, pale malori yanaposubiri mihuri ya kastamu. Dereva anayengoja muhuri ana ndevu na hana la kufanya. Niliwaambia sitaki malipo, nataka beringi iliyokufa. Makuli walisema mzee amechanganyikiwa, wakamwita mwenzao aje asikie. Lakini beringi zilikuja. Nilizivunja kwa nyundo ndani ya gunia, gololi zisikimbie, na kila gololi nikaipima kando ya ile yako. Nyingi zilikuwa kubwa mno, nyingine ndogo kama za baiskeli yangu, Mungu anaona. Zilizofanana na yako nilizitia kwenye kopo la maziwa. Kahawa ilivunwa mara mbili kopo halijajaa.

Lilipojaa nilirudi barazani kwangu, hapa sokoni Bwera, na Afande Sajini akalikuta. Akauliza, nikamweleza. Akasema mbele ya watu, "Mzee, hiyo kitu ikilipa, mimi nalala chini hapa sokoni, na kofia." Siku hizi hakuna anayecheka kabla afande hajacheka. Alicheka, tukacheka. Nikamwambia siku ya soko, mchana, kila mtu aone.

Siku hiyo niliitundika kwenye nguzo ya baraza, imesimama wima, ghala limejaa. Biira alikuja na gauni lake la gomesi, lile la Krismasi, na wajukuu wako wote. Akakaa mbele kabisa, mikono juu ya magoti, hamtazami mtu. Nilimpa Afande gololi tano apige mwenyewe, asije akasema nimetia uchawi. Ya tano ilikuwa ile yako.

Ya kwanza ikaanguka kwenye shimo. Ya pili shimo. Ya tatu, Afande alipiga kama anafukuza mwizi, ikazunguka yote, shimo. Ya nne nayo. Huko nyuma mtu akaanza, "Lala..." na Biira hakugeuka. Mimi nilikuwa nimeshika nguzo. Afande akaiweka ya tano, akaipiga polepole. Ikapanda. Ikagonga msumari wa juu, ikasita pale kama mgeni mlangoni, ikateleza, ikaingia ndani ya ua.

Nikasikia tak.

Halafu kengele. Ua likafungua mikono yake, na gololi zikamwagika, zinapigana kwenye sahani, nyingine zikaruka mpaka kwenye vumbi, kina mama wakaziokota kama karanga. Lakini hakuna aliyeshangilia. Watu wote walimtazama Afande. Yeye akatazama mashine, akawatazama askari wake wawili, akaikaza kofia, akalala chini. Tumbo lote kwenye vumbi la soko la Bwera, kati ya mihogo na ndizi. Nilikuwa nimesubiri kucheka misimu yote ile, nikajikuta natazama mihogo.

Biira ndiye aliyesema. "Simama, Afande. Shati itachafuka."

Akasimama. Akajipangusa. Akatugeukia kwa sauti ya gwaride: "Kuanzia leo ile jina sitaki kusikia. Huyu mzee iko Fundi Masereka. Mumesikia?" Soko zima likajibu ndiyo, afande. Hapo ndipo kelele zilipoanza, na kama hukuzisikia huko uliko basi wewe si marehemu, wewe ni kiziwi. Biira alipiga vigelegele mpaka sauti ikakatika. Halafu akanigeukia, akanisalimia.

Ningeishia hapo, ushindi huo unanitosha kufa nao. Lakini lipo jingine, na hili linanihusu mimi.

Padri mpya wa parokia, Mzungu mzee, alikuja kunyolewa. Kabla ya kuletwa kwetu aliishi Japani miaka mingi. Alipoiona mashine kwenye nguzo alisimama na sabuni usoni, akaita jina lake, pachinko, kama mtu aliyemkuta mjomba wake ugenini. Anasema pachi ni mlio wake tu. Anasema huko kuna nyumba nzima za mashine hizo, watu wamekaa mistari na mistari hawasemezani, anayeshinda anapewa sigara au sabuni. Nikamwuliza ilianzaje. Akasema zamani ilikuwa ubao wa misumari, mchezo wa watoto, unawekwa juu ya meza.

Nikamwambia rudia.

Juu ya meza, akasema. Umelazwa. Vibanda vyao vilikuwa vidogo, nafasi hakuna, ndipo wakausimamisha ukutani. Na baada ya ile vita kubwa, watu hawana kitu, viwanda vya vita vimefungwa na vimeacha marundo ya gololi za beringi, wakazichukua wakazitia humo, na mchezo ukashika nchi. Kuna hata fundi ambaye kazi yake ni misumari peke yake, anaigongagonga kwa nyundo ndogo, upana wa unywele, na watu wanamheshimu. Nikakukumbuka na kile kijiti chako, ulimi nje.

Unaelewa, Masereka? Nilikupa jina kwa sababu uliilaza, na wenyewe walianza kwa kuilaza. Nilikucheka uliposema chakula chake ni kidogo, na wao waliilisha beringi. Njia yote ya Wajapani, kutoka mezani mpaka ukutani, uliitembea wewe bila kwenda mbali kuliko Mpondwe. Aliyeitundika kama saa ni mimi.

Padri alicheza na ndevu nusu mpaka misa ya jioni ikachelewa.

Jina lako tumeliandika upya msalabani, Fundi Masereka, herufi kubwa. Ile gololi nimeikandika kwenye saruji juu yake, na nitaipangusa kila Jumapili isishike kutu, mpaka mikono yangu ikatae. Mashine haitalazwa tena, hilo nimemwapia Biira. Nami nikija huko nitakuja na wembe, maana najua umeota ndevu za aibu, na mfuko mwingine nitajaza beringi.

Watu wakimwandikia mtu kama wewe humaliza kwa kumwambia alale salama. Mimi kulala nilikwisha kukuambia mara mbili, na mara zote mbili nilikosea.

Simama wima, Fundi.

Kule, kinyozi wako