Rezini ya Mama Riziki

Mji wa Baraka, Alhamisi jioni

Rezini, ile ya kunasa kingamwili za damu, haikufa. Naandika hilo kwanza, chakula kitangoja.

Asubuhi nilikuta chupa yake ndani ya frigo ya labo, maabara yetu, iko nyepesi. Mama Riziki, anayetusafishia, ni shemasi kanisani kwake, na alikuwa ameifungua akanusa. "Dokta, ile lutuku nilimwanga yote inje," akaniambia bila woga. "Niliacha tu ule unga wa chini."

Lutuku gani. Si pombe ya kienyeji, ni alkoli ya kuilinda rezini isioze. Nikaiinua chupa mwangani nione kilichobaki. Rezini ikikauka ndiyo basi, na kwa hii barabara ya Uvira, nyingine ingefika lini?

Ule unga ulikuwa bado mbichi, haujakauka. Nikauosha, nikaujaza kwenye mrija, nikapitisha seramu, maji ya damu ya mbuzi. Vingine vyote vikapita, kingamwili zikabaki zimenata. Nikatia asidi kidogo, zikaachia, safi kama siku zote. Nikakaa chini kwanza.

Mama Riziki alikuwa nyuma yangu na ufagio wake. "Kumbe inashikaka kizuri, kibaya inaachaka kiende?"

"Ndiyo, mama."

Akauegemea. "Sasa mbona munailalisha mu pombe?"

Nimeirudishia rezini alkoli bila kumwangalia usoni.