Barua Niliyompa Chifu

Mjukuu wangu Mwanasiti,

Marahaba. Sisi hatujambo, bibi yako anakusalimu sana.

Umeuliza kwa nini ulizaliwa njiani, kabla mama yako hajafika hospitali ya Msambweni. Kosa ni langu. Serikali za kaunti zilipoanza, wanakijiji walinituma nipeleke barua ya kuomba chumba cha uzazi kwenye zahanati yetu. Nikampelekea chifu, kwa mazoea ya tangu ujana wangu.

“Mzee, zahanati sasa ni ya kaunti,” aliniambia. “Mimi ni wa serikali kuu. Watu wa kaunti wako uwanjani leo, wanapokea maombi.”

Niliona ananifukuza. Nikamwachia barua mezani, nikarudi nyumbani; kaunti haikuipata.

Chumba kimejengwa mwaka huu. Nimeombwa nikasome dua ya ufunguzi. Nimesingizia goti.

Babu yako,
Hamisi