Mtetezi wa Barua Amekabidhiwa Barua za Kuchoma

Bi Mshauri, nakuandikia kutoka Ibra na uso nimeuinamisha, nisaidie. Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mbishi, na kwa miaka ishirini nimekuwa nikisoma maisha ya mwandishi mmoja wa riwaya, mwanamke wa Kiingereza wa karne ya kumi na tisa, nina vitabu kumi na moja vya wasifu wake na vyote vinalia kwamba dada yake alizichoma barua zake, nami nimelia navyo, nimeandika magazetini kwamba dada yule ni mhalifu, nimegombana na profesa mmoja wa Nizwa aliyemtetea hadi leo haitikii salamu yangu, na harusini wanawake wakiniona naanza kusema "barua" huhamia mkeka mwingine, sasa shangazi yangu Mabruka wa Aija, Sur, aliyenilea na ambaye hakuolewa, kanipa kisanduku cha barua alizoandikiwa Unguja ujanani, akasema, "Asya, mwanangu, hii amana. Nikifa zitie moto, na usizisome." Nikamjibu, "Inshallah, shangazi," kwa ulimi mtamu kabisa, na sijafika nusu ya njia nikasimamisha gari kituo cha petroli nikafungua moja. Ni ya mwanamume, anamposa mara ya tatu. Nikizichoma, mimi ndiye yule dada. Nikiziweka, nimekula amana. Na aibu zaidi, nimeshaandika utangulizi wa kitabu cha barua hizo.

Asya

Bi Asya,

Pole, lakini ningekuwa kwenye kile kituo cha petroli ningekunyang'anya funguo za gari. Mwandishi wako kafa, hakuna wa kumwuliza, ndiyo maana wasomi wanagombania majivu. Shangazi yako yu hai, anakunywa kahawa yake Aija, na wewe unamfanyia utafiti kana kwamba keshazikwa. Tena miaka ishirini umemtukana dada wa watu, hujajiuliza hata siku moja marehemu mwenyewe alimwagiza nini. Huenda naye alipewa amana.

Ijumaa hii nenda Sur. Rudisha kisanduku, na useme kwa mdomo wako kwamba umefungua. Atakufokea, nyamaza, jambo ambalo naona hujawahi kulijaribu. Akishatulia, mwombe akusimulie mwenyewe. Atakachoridhia kiandikwe, andika hapo hapo na umsomee. Atakachokataa, kichomeni pamoja angali hai, akione kwa macho yake, asiondoke duniani na shaka juu ya mtoto aliyemlea.