Kanzu Yako Imebaki Kazini

Mzee Rajabu,

Hadubini iko palepale, kwenye meza ya dirishani. Aliyekalia kigoda chako ni mimi, Asina mfagiaji. Usishtuke. Miaka yote uliyopima damu hapa ulidhani nafagia polepole kwa uvivu. Nilikuwa natazama mikono yako.

Ulipotutoka, daktari wa zahanati akanipa wiki moja. Nikishindwa kusoma damu, hadubini inapelekwa Arua, na wagonjwa wa Koboko wakae kungoja majibu ya huko. Nikakubali kabla hajamaliza kusema. Siku ya kwanza nikavunja kipande cha kioo chenye damu, kwa kuteremsha lenzi huku jicho liko ndani. Nikakusikia kabisa: "Shusha ukitazama kwa nje, we mama! Tafuta ukipandisha!" Sijavunja kingine.

Kisha wakapaka ule ukuta. Ukuta mweupe wa stoo, ng'ambo ya dirisha, uliokuwa ukiuelekezea kioo cha kumulikia cha hadubini, maana jua lenyewe linaunguza jicho. Wameupaka kijani, kwa heshima ya mgeni mkubwa ambaye mpaka leo hajafika. Damu yote ikageuka kijani. Nukta nyekundu ya kidudu cha malaria ikawa nyeusi, sawa na uchafu wa dawa ya rangi. Nikamwambia daktari ukweli, kwamba sioni. Akaanza kutafuta sanduku la kufungia hadubini.

Kanzu yako nyeupe ilikuwa bado kwenye msumari nyuma ya mlango. Nikaianika mbele ya ukuta, mikono nimeitanua kwa vibanio. Nikageuza kioo kuielekea, nikafinya kidogo tundu la mwanga. Mzee! Pete ndogo ya buluu, na nukta yake nyekundu: kidudu chenyewe. Mtoto wa muuza mihogo alipata dawa siku ileile.

Kesi ikabaki kwa dada yako Zubeda. Alikuja siku ya arobaini yako, nguo zinagawiwa.

"Asina, kanzu ya mzee iko wapi? Watu wanangoja."

Nikasema iko kazini.

"Kazini? Mutu amekufa, nguo yake inafanya kazi gani?"

Nikamkalisha kigodani. Akafumba jicho moja, akatazama mpaka nikadhani amesinzia.

"Hii mwanga inatoka kwa kanzu ya kaka yangu?"

Ndiyo, mama.

Akafuta jicho. Na lile alilofumba pia.

"Basi iache. Sadaka imekwisha kutolewa. Lakini fua, kola iko chafu."

Naifua kila Ijumaa, Mzee. Asubuhi nakuanika, jioni nakukunja. Daktari ameacha kutafuta sanduku. Siku hizi anaulizia majibu yangu kabla ya salamu. Kanzu ikichakaa nitatafuta chokaa niupake ukuta mwenyewe, hata kama mgeni yule atakuwa ameshika njia.

Lala salama, fundi wangu. Jicho langu liko nje, na mkono unashusha polepole.

Asina