Ushuhuda Ulioniomba

Goweko, Jumapili

Dada Jeska, shikamoo.

Huku mvua zimechelewa, miche ya tumbaku inanyauka kitaluni. Watoto hawajambo.

Barua yako nimeipata. Unataka nije Urambo, kanisani kwenu, kutoa ushuhuda kwamba maombi yenu yaliniponya saratani ya shingo. Sitakuja. Tezi ya shingoni iliyokuwa na saratani aliitoa daktari kwa kisu, na kinachoniweka hai ni kidonge cha kufanya kazi yake, ninachomeza kila alfajiri kwa maji matupu, kisha nasubiri saa nzima kabla ya chai.

Wewe ndiye uliyeniambia, "Godeliva, aliyeponywa hamezi vidonge." Nikakuamini, nikaviacha, maana nilichoka kuwa mgonjwa. Miezi minne nilivimba uso, nikasikia baridi juani, hadi nikaanguka shambani. Uliposikia, ulisema imani yangu ilikuwa haba. Mbele ya mama nilinyamaza. Leo sinyamazi, dada: ulikaribia kuniua, na pole hujanipa hadi leo.

Sasa nameza dawa, natembea kila jioni, na kwenye bani la kukaushia tumbaku, penye moshi, siingii tena. Mawifi wananiita mvivu.

Anakleti, aliyeniletea barua yako, anasema siku hizi unajifunga kitenge shingoni hata jua likiwaka, na hutaki mtu akuguse hapo. Nina hasira nawe, Jeska, na haijaisha. Lakini nenda hospitali. Ukiogopa kwenda peke yako, nitajie siku, nije tukakae foleni pamoja.

Mdogo wako,
Godeliva