Mgongo Wako Ukutani

Baba,

Salamu zangu zikufikie huko uliko, ingawa najua majibu yake nitayangoja sana. Sisi wazima. Tangu utuache, ngazi yako imeegemea nyuma ya jiko na kuku wameifanya kwao. Nikiwafukuza wanarudi, nami nimechoka kugombana nao. Duka la pale njia panda hapa Ufukoni wamelibandua bango ulilowaandikia, wakaweka la plastiki lililochapwa kwa kompyuta. Upepo umeshalichana. Najua ungecheka, kwa hiyo nimecheka kwa niaba yako.

Habari kubwa ni hii: jana nimeonyesha picha zangu mbele za watu. Mimi, Zuhura, niliyekuwa nikizigeuza picha zangu ukutani kila mgeni akipiga hodi. Ukumbi mzima hapa mjini, wasanii kadhaa, na jina langu limeandikwa chini ya kila picha yangu. Nimechora kwa rangi ya mafuta juu ya plaiwudi, kama ulivyokuwa ukipaka mabango yako, maana mkono wangu haujazoea kingine. Kuna wanawake wa Nanyamba wanabangua korosho, vidole vimewageuka vyeusi. Kuna ufukwe wa Msimbati asubuhi, wachuuzi wa samaki wamechuchumaa. Hizo sikuziogopa. Korosho haiwezi kuja ukumbini kulalamika kwamba haikufanana.

Niliyoiogopa ni yako.

Nimekuchora kwa nyuma, uko juu ya ngazi, unaandika ukuta. Watu wananiuliza kwa nini nimekunyima uso. Nimekunyima kwa sababu nilikuwa siuoni. Utoto wangu wote, kila likizo, nilikuwa chini nimeshika ngazi, nawe umeuelekeza uso ukutani. Mgongo ule naujua kuliko picha yako ya kitambulisho. Lakini Baba, si mimi peke yangu niujuaye. Watu waliuona sokoni, Mikindani, kwenye maghala ya korosho, mpaka wakakuita Mzee Brashi bila kuijua sura yako vizuri. Na zaidi ya wote, Mama. Alikuwa hajaiona picha hiyo; nilikuwa nikiifunika kanga. Niliogopa aje aitazame, kisha aseme kwa upole, "Nzuri, mwanangu." Hapo ningejua kwamba si wewe, kwamba nimeanza kukusahau, tena nimetundika ushahidi ukutani.

Asubuhi ya jana gauni nililipiga pasi, nikalivaa, nikalivua, nikalipiga pasi tena. Ukumbini, Dada Neema, binti mwema anayesimamia maonyesho, aliniona nahangaika akanipa ushauri: nisimame kando ya kazi zangu, nipumue taratibu, nitabasamu, niwatazame wageni machoni. Nikasimama. Nikatabasamu hadi mashavu yakauma. Kadiri nilivyowatazama machoni ndivyo nilivyozidi kusahau maneno. Bwana mmoja akaniuliza ile picha ya korosho ina maana gani, nikamjibu, "Karibu sana." Akashukuru, akaenda zake.

Nikaamua kuishusha picha yako kabla Mama hajafika. Nilikuwa nimeishika pembe zote mbili tayari, na uongo wa kumwambia Dada Neema nimeshautunga, kwamba msumari umelegea.

Pale pale, nimekukumbatia hivyo, nikakumbuka kwamba wewe hukuwahi kusimama kando ya kazi yako ukitabasamu. Kazi ikiisha ulifuta brashi, ukafunga makopo, tukaondoka. Watu waliiona ikifanyika, wakisimama nyuma yako na kusema wanavyotaka. "Fundi, herufi hiyo imelala." Nawe bila kugeuka: "Inapumzika." Mimi ndiye niliyekasirika. Tulipokuwa Mikindani, kwenye duka la vitambaa la Mhindi mmoja, nilitaka kumjibu kijana mmoja aliyekucheka, ukanizuia. "Mwache aseme. Anayesema amesimama. Wanaopita tu hawasemi kitu."

Nikaiacha picha, nikamfuata Dada Neema, nikamwomba aniruhusu kuchora. Ukuta unaouandika kwenye picha hiyo nilikuwa sijaridhika nao. Bluu yake ilikuwa nyepesi mno, na kopo na brashi nilikuwa nimekuja navyo kwa ajili ya kuziba mikwaruzo. Akasita. Akasema wageni hawatauona uso wangu. Nikamwambia hicho ndicho ninachotaka. Akaenda kuleta magazeti, tukayatandika sakafuni, nami nikawapa watu mgongo.

Mkono ulitulia, Baba. Sitakudanganya kwamba hofu iliisha. Ilikuwepo, ila sasa ilikuwa na kazi ya kufanya, na kazi hiyo naijua. Nikasikia viatu vinasogea. Mzee mmoja akasema, "Ntu huyu mie namjua. Huyu ndo aliyeandika ghala letu kule Nanyamba." Mwanamke akabisha: mbona mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake? "Anajinyoosha," nikasema, bila kugeuka. Wakacheka. Utani ni wako, nimeutumia bila ruhusa, na nilifurahi mno kuusikia kinywani mwangu. Wakaendelea kunikosoa: ngazi imeinama, bluu imezidi. Niliwajibu wote. Yule bwana wa korosho alirudi akauliza tena, na safari hii nilimweleza mpaka akachoka yeye.

Kisha nikasikia ndara za Mama. Nazijua, huburuta mguu wa kulia. Zikaja, zikasimama.

Nikachovya brashi ingawa bado ilikuwa na rangi. Nikapaka mahali nilipokwisha kupaka. Nilikuwa nasikiliza kama ndara zitaondoka, na hazikuondoka, na yeye hasemi. Nilitaka kugeuka nimwone uso. Sikugeuka. Nilijiambia kwamba kazi hii nimeifanya kwa macho yangu mwenyewe, na kama mgongo huu si wako basi mimi sijui mgongo wa mtu yeyote.

Halafu Mama akasema, kwa sauti ile aliyokuwa akikuitia barabarani alipotuletea sufuria la wali, sauti ambayo sijaisikia tangu tukuzike:

"Mwambie ashuke. Chakula kinapoa."

Ukumbi ukacheka. Naye akacheka, kisha akalia, na mimi nikageuka. Najua wewe hukuwahi kugeuka kwa ajili ya mtu, lakini nadhani kwa huyu ungegeuka. Tulikumbatiana nikiwa na brashi mkononi, na sasa kanga yake ile ya kijani ina bluu begani. Amekataa kuifua.

Basi Baba, nakuaga. Leo ni siku ya pili ya maonyesho na Mama ameshavaa, yuko mlangoni, ananiharakisha kana kwamba mchoraji ni yeye. Naogopa kidogo hata sasa. Hofu na ije.

Nakuahidi jambo moja. Walimu wa shule moja kule Msimbati waliiona kazi jana wakaniomba nikawachoree ukuta wa nje, ule unaotazama barabara. Nimekubali. Nitachora mchana kweupe, na wote wapitao waseme wanavyotaka. Sitawaficha watu kazi yangu tena.

Mungu akupe raha huko. Umesimama kwenye ngazi miaka mingi mno. Shuka sasa, ule, upumzike. Juu nipo mimi.

Mwanao,
Zuhura