Mpenzi Aliyebaki Nje ya Kitenzi

Atieno mjukuu wangu,

Huku Usenge sisi wazima, omena, dagaa wetu wa ziwani, inakauka vizuri. Unauliza yambwa ya Kizungu ni nini, umemuuliza bingwa. Sawa, nimedanganya, niliishia darasa la nne.

Nilipokuwa namtaka nyanya yako, karani mmoja alikuwa karibu kumchukua kwa Kizungu chake. Nami nikajikaza: "I love."

"Unapenda nini, Bwana? Omena?" nyanya yako akauliza.

Kumbe katika "nakupenda", hata "aheri" ya Kijaluo, mpenzi amekaa ndani ya kitenzi! Kwa Kizungu huyo mpenzi, ndiye yambwa unayoiuliza, yuko nje, anangoja aitwe. Nikamwita: "You!" Akacheka mpaka akakaa chini, na karani akaenda na sarufi yake.

Nimekujibu, kwa hivyo una deni langu: mpigie nyanya yako simu, umwambie aache kuniita Ai Lavu mbele ya wanunuzi wa samaki.

Babu yako